Nani Anasema "Nevermore"? Majonzi na Wazimu katika Shairi la Kunguru

"Mwalimu, shikamoo. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma Kiswahili na fasihi ya Kiingereza. Tulipewa insha kuhusu shairi la Mmarekani Edgar Allan Poe liitwalo 'The Raven', yaani 'Kunguru', tueleze jinsi mbinu za kishairi zinavyowasilisha majonzi na wazimu. Niliorodhesha takriri, taswira, vina vya kati, tanakali za sauti na ishara, kila moja na mfano wake, lakini insha ilirudi ikiwa imeandikwa pembeni: 'Umetaja mbinu, hujaonyesha zinafanya nini.' Nimeruhusiwa kuiandika upya. Nimesoma mahali kwamba Poe alilitunga baada ya kufiwa na mke wake, akiwa mlevi na nusu mwendawazimu. Je, nianzie hapo? Tena kuna jambo lingine. Mwaka jana nilifiwa na dada yangu, na shairi hili limenikaa kichwani hata usiku. Sijui kama niendelee nalo au niombe shairi lingine."

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na dada. Umeuliza maswali mawili kana kwamba moja ni la darasani na la pili limekuponyoka tu mwishoni, lakini mimi nayaona yamefungamana. Nitaanza na la insha, kwa kirefu, kwa kuwa hilo ndilo ninaloliweza, kisha nitarudi kwa dada yako.

Mhadhiri wako hakukosea, ingawa angeweza kukueleza zaidi. Tumezoeshwa tangu sekondari kuandika sentensi ya namna hii: "Mshairi ametumia takriri ili kusisitiza ujumbe." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye shairi lolote, na ndiyo maana haisemi chochote kuhusu shairi hili. Takriri, yaani kurudiarudia neno au sauti, inaweza kusisitiza, lakini inaweza pia kubembeleza, kutisha, kuchosha, au kumfungia mtu ndani ya neno asiweze kutoka. Kazi uliyopewa ni kuonyesha inafanya lipi kati ya hayo, katika ubeti upi, na kwa njia gani.

Kuhusu maisha ya mshairi, usianzie hapo, na sababu ya kwanza ni kwamba ulichokisoma si kweli. Shairi lilichapishwa katika gazeti la Evening Mirror la New York tarehe 29 Januari 1845. Virginia, mke wa Poe, alifariki tarehe 30 Januari 1847, yaani miaka miwili na siku moja baadaye. Ni kweli kwamba dalili za kifua kikuu zilikuwa zimemtokea tangu Januari 1842, hivyo ukisema kwamba shairi lilitungwa katika nyumba iliyokuwa ikiishi na hofu ya kifo, utakuwa na haki. Ukisema kwamba Poe alikuwa akimlilia marehemu mkewe, utakuwa umemzika mtu aliye hai.

Sababu ya pili inatokana na Poe mwenyewe. Mwaka 1846 alichapisha makala akieleza jinsi alivyolijenga shairi hili kama fundi anayepima mbao kabla ya kukata. Alitaka mishororo ipatayo 100, na ikawa 108. Alitaka neno moja la kurudiwarudiwa, lenye "o" ndefu inayofuatwa na "r", kwa sababu sauti hizo zinavuma na zinaweza kuvutwa. Alitaka kiumbe asiye na akili wa kulitamka, akamfikiria kwanza kasuku, kisha akamchagua kunguru. Wahakiki wengi hawaamini kwamba kazi yake ilikwenda kwa utaratibu nadhifu kiasi hicho, nami pia siamini. Hata hivyo, beti 18 zinazoshika umbo lilelile bila kuteleza si kazi ya mtu aliyepoteza akili. Anayezipoteza akili zake ni nafsineni, yule mtu asiye na jina anayezungumza ndani ya shairi, na Poe yuko nje yake akimpimia kila silabi. Ukimchanganya mshairi na nafsineni, hutaona tena mbinu yoyote, maana utadhani kila neno limemtoka mtu kama kilio kinavyomtoka mfiwa.

Nikukumbushe kisa chenyewe kwa ufupi. Ni usiku wa manane, mwezi wa Disemba, baridi kali. Mtu yuko peke yake chumbani, anasinzia juu ya vitabu vya elimu iliyosahaulika, akitafuta katika kusoma nafuu ya huzuni ya kumpoteza mpenzi wake, Lenore. Anasikia mlango unagongwa. Anaufungua na kukuta giza tupu. Anasikia kugongwa tena, safari hii dirishani, na alipofungua akaingia kunguru mkubwa, akaruka hadi juu ya mlango na kutua kwenye sanamu ya kichwa cha Pallas, mungu wa kike wa hekima kwa Wayunani. Mtu anamuuliza jina lake. Ndege anajibu neno moja, "nevermore", yaani kamwe tena, au kama watu wa pwani wanavyosema, abadani. Kuanzia hapo mtu anaendelea kuuliza, ndege anaendelea kujibu neno hilohilo, na shairi linakwisha ndege akiwa bado amekaa palepale.

Hapa nisahihishe dhana nyingine ninayokutana nayo mara kwa mara, kwamba kunguru huyu ni shetani au mtume wa habari mbaya, na kwamba yeye ndiye anayemtia mtu wazimu. Kwanza, usimchore akilini kama kunguru wa Mombasa au Dar es Salaam, yule mdogo mwenye shingo ya kijivu anayeiba samaki sokoni. Anayetajwa ni ndege mkubwa, mweusi tii, mwenye mdomo mnene, ambaye akifugwa anaweza kufundishwa kuiga maneno ya binadamu. Jambo hilo ni muhimu, kwa sababu katika ubeti wa 11 nafsineni mwenyewe analieleza kwa akili timamu kabisa: anasema bila shaka neno hilo ndilo pekee alilonalo ndege huyu, alilolidaka kwa bwana fulani aliyeandamwa na mikosi mpaka nyimbo zake zote zikawa na kiitikio hicho kimoja. Kwa hiyo anajua. Kabla hajauliza hata swali moja la maana, anajua kwamba yuko mbele ya ndege mwenye neno moja. Lishike hilo, kwa sababu insha yako yote inaweza kusimama juu yake.

Sasa tuingie kwenye mbinu, na tuanze na umbo. Wewe unayesoma Kiswahili una faida ambayo wenzako wengi hawana. Hesabu silabi za mshororo wa kwanza wa ubeti wowote wa shairi hili na utapata 16, zikigawanyika nane kwa nane, na mwisho wa kipande cha kwanza unafanana kwa sauti na mwisho wa kipande cha pili. Mshororo wa tatu uko vivyo hivyo. Hiyo ni mizani ya shairi letu la tarbia, lile la mishororo minne kwa ubeti, na hivyo ni vina vya kati na vina vya mwisho kama tunavyovifahamu, ingawa Poe hakuvipata kwetu wala sisi hatukuvipata kwake. Mshororo wa pili, wa nne na wa tano ina silabi 15, na wa sita una saba tu. Tofauti ni kwamba sisi tunahesabu silabi, naye anahesabu mikazo: silabi nzito inatangulia, nyepesi inafuata, mara nane katika mshororo. Si jambo geni kwa sikio letu, kwa kuwa maneno yetu ya silabi mbili, kama "mama", "dada", "kifo", huanguka hivyohivyo, uzito mbele na wepesi nyuma.

Mwendo huo wa kuanguka unafanya nini? Kila hatua inashuka, na kwa sababu vina vya kati vinakudaka katikati ya mshororo na kukusukuma mbele, huna pa kupumzika hadi ufike mshororo wa sita, ambao ni mfupi na unakatika ghafla. Usome kwa sauti na utahisi kwamba umekimbizwa kwenye ngazi ndefu, kisha ukagonga ukuta. Mara 18. Hiyo ndiyo maana ya kusema kwamba umbo linabeba majonzi. Mfiwa naye huwaza hivyo, fikra inateremka kwa kasi kutoka jambo moja hadi jingine, na kila inapofika mwisho inagonga jambo moja lisilobadilika.

Tazama pia vina vya mwisho. Katika kila ubeti, mishororo minne kati ya sita inaishia kwa sauti moja, ile ya "o" ndefu yenye "r". Minne mara 18 ni 72. Na sasa angalia jina la marehemu. Lenore. Jina lake lenyewe linaishia kwa sauti hiyo, kwa hiyo kila kina kinachogonga ni kama mwangwi wa jina lake, hata pale ambapo hatajwi. Mlango ni mwangwi wake, sakafu ni mwangwi wake, ufuo wa kuzimu ni mwangwi wake. Mtu anadhani amefungua kitabu ili asimkumbuke, na lugha anayoitumia imejaa yeye. Wanafunzi wengi huandika kwamba vina "huleta mahadhi na kurahisisha kukariri". Ni kweli kwa mashairi mengi. Hapa vinafanya kazi ya ziada, vinamnyima nafsineni uwezo wa kusahau.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo napenda sana uliweke katika insha yako. Ubeti wa 2 unaishia kwa nafsineni kusema kwamba Lenore hatakuwa na jina hapa duniani "evermore", yaani milele. Liandike neno hilo, kisha uongeze herufi moja mbele yake, "n". Umepata neno la kunguru. Kunguru mwenyewe bado hajaingia, ataingia beti tano baadaye. Halafu nenda ubeti wa 5, mahali ambapo mtu amesimama mlangoni akilitazama giza. Ananong'ona neno moja kwa namna ya swali, "Lenore?", na mwangwi unamrudishia neno hilohilo. Jibu la kwanza analolipata usiku ule ni sauti yake mwenyewe. Mimi naona kwamba shairi zima limo katika ubeti huo mmoja: mtu anauliza, na anachorudishiwa ni kile alichokitoa. Kunguru ni mwangwi wa pili, ambao safari hii umevaa manyoya.

Ndipo tunafika kwenye takriri ya kibwagizo, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kazi hii. Katika ushairi wetu kibwagizo kwa kawaida hurudi kama kilivyo, na ukaribu wake hutuliza, kwani hadhira hukijua na huweza kukiitikia. Poe analiacha neno lilelile lakini anabadilisha kile linachokijibu. Chukua penseli na uweke alama kila beti inapoishia. Beti saba za kwanza, ukiacha ule wa 2, zinaishia kwa "nothing more", hakuna zaidi. Ni mgeni tu, hakuna zaidi. Ni upepo tu, hakuna zaidi. Hayo ni maneno ya mtu anayejituliza. Katika ubeti wa 3, pazia la zambarau linapochakarika, anasema wazi kwamba anarudiarudia maneno ya kuwa ni mgeni anayebisha ili kuutuliza moyo unaomdunda. Hapo takriri ni dawa. Kuanzia ubeti wa 8 hadi wa 18, beti zote 11 zinaishia kwa neno la kunguru, na takriri iliyokuwa dawa inageuka kuwa kidonda.

Lakini nani analitamka neno hilo? Hili ndilo swali ambalo ningekushauri uliweke kuwa mhimili wa insha. Kunguru analisema mara sita tu, katika ubeti wa 8, wa 10, na wa 14 hadi wa 17. Katika beti zinazobaki ni mtu mwenyewe anayelitaja. Mwanzoni analinukuu kama jina la ajabu la ndege, kisha analichunguza kama fumbo. Katika ubeti wa 13 analitumia kwa mara ya kwanza kama neno lake mwenyewe, anapotazama mto wa mahameli anaouegemea chini ya mwanga wa taa na kusema kwamba Lenore hatauegemea tena kamwe. Hakuna aliyemuuliza, na kunguru amenyamaza. Neno limehama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine. Na mshororo wa mwisho kabisa wa shairi, ule unaosema kwamba roho yake haitainuliwa kutoka kwenye kivuli kilicholala sakafuni, unasemwa naye, si na ndege. Ukiweza kuonyesha safari hiyo ya neno moja, utakuwa umeonyesha jinsi majonzi yanavyogeuka kuwa wazimu bila mshairi kulitaja neno "wazimu" hata mara moja.

Hebu tuyatazame maswali yenyewe, kwa sababu hapa ndipo patamu zaidi. Swali la kwanza, la jina, ni la mzaha, na mtu anatabasamu. Katika ubeti wa 12 bado anatabasamu, lakini anafanya kitendo ambacho wasomaji wengi hukipita: anakivuta kiti chenye mito na kukiweka mbele ya ndege, sanamu na mlango. Amejikalisha mwenyewe mbele ya jibu analolijua. Baada ya hapo maswali yanapanda ngazi. Anauliza kama atapata nepenthe, dawa ya kusahaulisha huzuni katika visa vya Wayunani. Anauliza kama kuna zeri katika Gileadi, swali ambalo wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka kitabu cha Yeremia, 8:22. Anauliza kama roho yake itamkumbatia Lenore katika "Aidenn", ambayo ni namna ya Poe ya kuiandika Edeni, na msomaji wa pwani atasikia humo pia Adn ya Kurani. Kusahau, kupona, kukutana tena peponi: hayo ndiyo matumaini matatu ya kila aliyefiwa, na ameyapanga moja baada ya jingine, akayapeleka kwa ndege asiyeweza kusema ndiyo. Angeweza kuuliza, "Je, nitateseka daima?" na neno lilelile lingekuwa faraja. Hakuuliza hivyo. Katika makala yake Poe aliiita hali hiyo kiu ya binadamu ya kujitesa, na kwangu hayo ndiyo maelezo bora ya wazimu wa shairi hili. Haukuanza kwa kuona mizuka. Umo katika kuchagua maswali.

Mantiki inavyovunjika, lugha nayo inaonyesha. Katika ubeti wa 11 ndege alikuwa mwanafunzi wa bwana mwenye mikosi. Katika ubeti wa 15 na wa 16, mshororo wa kwanza ni uleule neno kwa neno, na ndani yake ndege anaitwa nabii, awe ndege au awe shetani. Ushahidi haujabadilika hata kidogo, aliyebadilika ni anayeutazama. Katika ubeti wa 14 anajiita mwenyewe mnyonge na kujihimiza anywe dawa asahau, na ndege ndiye anayejibu, hata hujui tena nafsinenewa, yaani anayeambiwa, ni nani. Alama za uandishi zinazidi: vistari, alama za mshangao, maneno yanayokatwa na kuanzwa upya, "niambie, niambie, nakusihi". Na bado mizani haitetereki. Hili ulieleze kwa makini, kwa sababu wanafunzi wengi hutarajia shairi la wazimu liwe na umbo lililopasuka. Hapa sauti inapasuka ndani ya umbo lisilopasuka, na hofu inatokana na tofauti hiyo, kama vile kumsikia mtu akipiga kelele ndani ya chumba ambacho kuta zake hazitikisiki.

Kuhusu sauti ndogondogo sitasema mengi. Ubeti wa 3 unafungua kwa msururu wa maneno yenye "s", yanayokufanya uusikie mchakariko wa hariri kabla hujaambiwa ni pazia. Mlango na dirisha vina maneno yao ya kugonga, kama sisi tulivyo na "ko! ko! ko!". Hizo ni tanakali za sauti, na ukizitaja, sema kwamba zinamfanya msomaji asikie anachokisikia nafsineni, ili baadaye, nafsineni atakaposikia kisichowezekana, msomaji awe tayari amezoea kumwamini. Kisichowezekana kinakuja katika ubeti wa 14: hewa inajaa harufu ya chetezo kisichoonekana, na nyayo za maserafi, yaani malaika, zinalia kama njuga juu ya zulia. Nyayo hazilii juu ya zulia.

Taswira zinafanya kazi ya namna hiyohiyo. Kila kaa la moto linalokufa linachora mzuka wake sakafuni katika ubeti wa 2, na kivuli cha kunguru kinaanguka sakafuni katika ubeti wa 18. Sakafu ilikuwa imeandaliwa tangu mwanzo. Sanamu ya Pallas ni nyeupe na ndege ni mweusi, naye amekaa juu ya kichwa cha hekima yenyewe, jambo ambalo halihitaji ufafanuzi mrefu. Linalohitaji ufafanuzi ni mdomo wa ndege katika ubeti wa 17, pale mtu anapomwamuru autoe moyoni mwake. Poe alidai kwamba huo ndio usemi wa kwanza wa kisitiari katika shairi zima. Unaweza kumbishia, kwa kuwa mizuka ya makaa nayo ni sitiari. Hata hivyo, ana hoja: mpaka hapo ndege alikuwa juu ya mlango, na kwa amri hiyo moja amehamia ndani ya kifua. Kisha ubeti wa mwisho unabadilisha njeo. Habari yote ilisimuliwa kwa wakati uliopita, ghafla kunguru "bado amekaa, bado amekaa", katika wakati uliopo. Usiku ule haukuisha. Mtu anayetusimulia anatusimulia akiwa bado ndani yake.

Je, ni mwendawazimu kweli, au ni mfiwa tu aliyechoka na kusinzia? Au kunguru kweli ametumwa kutoka kuzimu? Ushairi wa Kigothi, ule wa giza, vifo na mizuka, unapenda kuyaacha maswali hayo wazi, na maandishi hayakupi hukumu. Usijilazimishe kuitoa. Kwa maoni yangu insha yenye nguvu ni ile inayosema kwamba mbinu zinamsogeza msomaji kutoka kumwona mfiwa aliyechoka hadi kumwona mwendawazimu, bila kumwonyesha mpaka uko wapi.

Kuhusu mpangilio, una njia tatu. Unaweza kuandika mbinu moja kwa kila aya, kama ulivyofanya. Ni rahisi kwa anayesahihisha, lakini inakurudisha kwenye orodha. Unaweza kufuata ubeti kwa ubeti. Utaona mabadiliko vizuri, lakini hatari yake ni kuishia kusimulia kisa. Au unaweza kushika hoja moja, tuseme safari ya neno "nevermore" kutoka kwa ndege hadi kwa mtu, na kuziita mbinu nyingine zije kuitolea ushahidi. Mimi ningechagua hii ya tatu, ingawa nakiri kwamba itakulazimu kuacha nje mifano mizuri isiyoihusu hoja hiyo, na kuiacha kunauma. Ukishaandika aya mbili, nenda ofisini kwa mhadhiri wako ukiwa nazo mkononi, umwombe akuonyeshe pale ulipotaja na pale ulipoeleza. Dakika 10 za kukaa naye zitakufaa kuliko kurasa zangu hizi. Na kabla ya yote, msikilizishe mtu shairi hili kwa sauti, maana mengi niliyoyasema hayaonekani kwa macho.

Sasa, dada yako.

Shairi kukukaa kichwani si dalili mbaya yenyewe. Limetungwa likae kichwani, nimekueleza kwa njia gani, na kwa mtu aliyefiwa linapata mahali pa kushika. Kuota ndoto za marehemu, au kudhani kwa sekunde moja kwamba umesikia hatua zake ukumbini, ni mambo yanayowapata wafiwa wengi wenye akili timamu, na usiyahesabu kuwa ni wazimu kwa sababu tu umeyasoma katika shairi la wazimu. Lakini tazama jinsi Poe alivyompanga mtu wake: peke yake, usiku wa manane, mlango umefungwa, akiuliza kiumbe kisichojua dada wala mpenzi wake. Katika beti zote 18 hakuna binadamu mwingine anayeingia chumbani. Kwetu mfiwa hakai hivyo, kuna matanga, kuna watu wanaolala sebuleni kwa ajili yako. Ila matanga huisha na watu hurudi makwao, na wewe ulirudi chuoni. Kwa hiyo nakuomba usilifanyie kazi shairi hili usiku ukiwa peke yako. Lifanyie kazi mchana, maktaba au na mwenzako, na jioni uweke karatasi pembeni.

Ukiona ni zito, omba shairi lingine. Mweleze mhadhiri kwa sentensi moja kwamba una msiba. Si udhaifu, na insha ni insha tu. Ukiona kinyume chake, kwamba kuliandikia kunakupa mahali pa kuyaweka yaliyokusonga, endelea. Wapo wanaosaidika hivyo, na mimi siwezi kujua wewe ni yupi kwa kusoma barua moja.

Yapo mambo ambayo mwalimu wa fasihi hapaswi kuyashughulikia kwa maandishi. Ikiwa kwa majuma kadhaa hulali au huli, ikiwa umeacha kwenda darasani, ikiwa unasikia sauti zinazokuamuru au kukutisha, nenda kwa mshauri nasaha wa chuo au kituo cha afya umwone mtu uso kwa uso. Na ikiwa umewahi kufikiri kwamba afadhali umfuate dada yako, usingoje majuma. Mwambie mtu leo, wa nyumbani au wa bwenini, na mwende pamoja hospitali. Usiende peke yako.

Ukiamua kubaki na kunguru, anzia ubeti wa 5, pale mtu aliposimama mlangoni akaliita jina, na uandike aya moja tu kuhusu mwangwi uliomrudia. Nitumie aya hiyo. Nitaisoma.